Mkanda wa Arusi: Mali au Amana?

Miongoni mwa vyombo vilivyobadili namna ya kuhifadhi kumbukumbu za ukoo, mkanda wa video haujapewa uzito unaostahili. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Hata hivyo, tangu miaka ya 1980 zilikuwapo nyumba zenye deki, na jamaa na majirani wakakusanyika sebuleni kutazama arusi zao wenyewe. Ndiyo kusema, wapo waliomwona shangazi yao katika kioo kabla ya kumwona msoma habari.

Swali tunalotaka kulichunguza ni hili: mkanda huo ni wa nani? Mtu wa haraka atajibu kuwa ni wa yule aliyemlipa mpiga picha. Jibu hilo lingetosha kama mkanda ungekuwa kitanda au kabati. Lakini tuziangalie arusi za pwani, ambako shughuli za wanawake zina mipaka yake tangu zamani. Mle ndani, mbele ya wenzao tu, wanawake huvua mabuibui, huonyesha nguo na dhahabu, hucheza na kutaniana kwa maneno yasiyosemwa barazani. Kamera ilipoingia, katika nyumba nyingi haikuivunja mipaka hiyo, bali ilifunzwa adabu zake. Mpiga picha alitafutwa mwanamke. Mkanda ulitazamwa mlango umefungwa, wanaume wametoka. Ukaazimwa nyumba kwa nyumba, na aliyeuazima akajulikana. Wasafiri wakaupeleka kwa ndugu wa Mombasa na Muscat, maana koo nyingi za Unguja zilitawanyika baada ya mwaka 1964. (Ndugu waliokuwa Kanada walipata taabu ya namna yake: mfumo wa televisheni wa huko ulikuwa tofauti na wetu, na mkanda wa hapa haukuonyeka sawasawa katika deki zao za kawaida.)

Kila aliyecheza mle alicheza kwa kuwaamini waliokuwapo. Kwa hiyo mkanda ni amana, na amana hii ina wenyewe wengi kuliko yule anayeishika. Tuchukue mfano wa bibi arusi aliyeachwa baada ya miaka michache, ilhali mkanda umebaki kwa aliyekuwa mama mkwe wake. Kwa hesabu ya fedha, ni wa upande wa mume. Kwa hesabu ya utu, kila unapowekwa katika deki bila ya idhini yake, mwanamke yule hurudishwa kwa nguvu katika nyumba aliyokwisha kutoka. Hatuoni hoja ya kutushawishi kwamba hiyo ni haki.

Simu za mkononi zimelizidisha uzito jambo hili. Mkanda ulikwenda kwa miguu ya mtu, na mtu huulizwa ameupeleka wapi. Picha ya simu hutoka katika kundi la ukoo ikawafikia wageni kabla chai haijapoa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na familia yake, na mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunazipokea kwa shukrani, lakini aghalabu sheria hufika picha ikiwa imekwisha kuonekana. Kinga iliyo karibu zaidi ni kuuliza kabla ya kutuma.

Walakini wapo wanaodhani kwamba kulifunga kasha ndiko kuhifadhi. Hao nao huipoteza amana. Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku. Joto na unyevu wa pwani huuharibu na kuutia kuvu, na utengenezaji wa deki mpya za VHS ulikoma mwaka 2016. Yatupasa kunakili yaliyomo katika dijitali, nakala mbili zikae nyumba mbili, na ukoo umteue mtu wa kuulizwa.

Linabaki suala la marehemu, nalo ni gumu kuliko yote. Bibi aliyecheza mbele ya wanawake wenzake miaka ile hawezi tena kuombwa ruhusa, na wajukuu wake wa kiume, ambao hawakuwahi kumsikia, wanataka kumjua. Kumwona bibi yao si kosa. Walio pembeni yake ndio wasiowahusu. Tunaona ni halali dada zao wakikata kipande ambamo bibi yumo peke yake wakawapa, na kwingine kote wawape sauti tu, pale anapowakaribisha wageni kwa majina.