Kuhema Hakujazi Pumzi

Mjukuu wangu, kaa hapa kivulini tuliseme tena lile lile. Nimechoka kulisema, lakini jana nilikuona umeshika ukingo wa mashua unahema haraka haraka kama mbwa wa jua la mchana, ndipo ukazama. Wenzako wamekufundisha kwamba hivyo ndivyo pumzi inavyojazwa.

Hakuna kinachojaa. Damu ya mtu mzima wa afya, akiwa ametulia tu, imekwisha kubeba oksijeni kwa zaidi ya asilimia 95. Unachokitoa kwa kuhema ni kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo inayoupigia ubongo kelele kwamba toka, kavute pumzi. Ukiipunguza mno, kelele huchelewa. Oksijeni inakwisha kwanza, nawe unajiona bado uko sawa. Hubanwi kifua, hutapatapi. Unapoteza fahamu papo hapo. Ndiyo maana balaa hili huwapata waogeleaji hodari. Asiyejua maji hafiki huko.

Na kina nacho kina hila yake. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo hata oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni husukumwa ikaingia damuni. Unapopanda, mgandamizo hupungua, na kile kidogo hakitoshi tena. Wengi huzimia wakiwa karibu kabisa na uso wa maji, wengine wakiwa wameshatoa kichwa.

Unataka kwenda mbali zaidi chini ya maji? Sikukatazi, hapa Kizingitini kamba mawe hawamngojei mtu ufukweni. Basi anza nchi kavu. Lala chali, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya nane. Tumbo ndilo liinuke, kifua kitulie. Ukiwa majini nyoosha mwili, piga miguu mara moja, kisha jiache uteleze mpaka mwendo upungue ndipo upige tena. Maji humtoza mwenye haraka: ukienda kasi mara mbili, yanakuzuia kwa kiasi cha mara nne, na anayelipa ni pumzi yako. Mabega yakikakamaa, nayo yanakula hewa.

Ukitoka, pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Najua hapo ndipo vijana mnaponitazama kwa jicho la pembeni, mawazo yenu yako kwenye mizani ya mnunuzi.

La mwisho silipunguzi hata kidogo. Mzame kwa zamu. Wewe ukiwa chini, mwenzako abaki juu macho yakiwa kwako, asiende kutafuta kamba wake. Na ukishatoka, aendelee kukutazama nusu dakika nzima kabla hajazama yeye. Kama kesho huna wa kukutazama, chukua mshipi ukavue juu.