Kupima Akili na Kumhukumu Mtoto

Ni mara chache walimu kukaa pamoja pasipo mmoja wao kusema, "Yule mtoto ana akili," au, "Yule hana." Neno hilo hutamkwa kwa wepesi, pengine kikombe cha chai kikiwa mkononi, lakini uzito wake humwangukia mtoto asiyekuwapo kujitetea. Ndiyo maana twaona kwamba suala la majaribio ya kupima akili, ijapokuwa wataalamu wa saikolojia ndio walioliandikia zaidi, latuhusu sisi tulioshika chaki.

Tuanze kwa kuyatendea haki majaribio hayo, kwani asili yake haikuwa mbaya. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia hali ya watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao shuleni. Alfred Binet, akisaidiwa na Théodore Simon, alitunga kipimo chenye sehemu 30, kikatolewa mwaka 1905: kurudia tarakimu, kutaja vitu vilivyomo katika picha, kueleza maana ya maneno, na kadhalika. Kabla ya hapo kauli ya mwalimu ilikuwa na nguvu kubwa mno, na mwalimu, tukiri, huweza kuchanganya utundu na upumbavu. Kipimo kilikuja kumkinga mtoto na chuki ya mkubwa wake. Binet mwenyewe hakuamini kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Alitaka yule aliyebainika kuwa nyuma apewe mazoezi ya kumkuza, tena alihofia kwamba walimu wangekitumia kipimo hicho kuwaondoa darasani watoto wanaowasumbua. Alifariki mwaka 1911.

Kipimo kilipovuka bahari kwenda Marekani kilibadilishwa kazi. Swali la "Mtoto huyu asaidiwe vipi?" liligeuka kuwa "Mtu huyu ni wa daraja gani?" Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1917 na 1918, wanajeshi zaidi ya 1,700,000 walipimwa. Baadhi ya maswali yalihusu bidhaa za madukani na michezo ya nchi hiyo. Wahamiaji waliokuwa wamekaa Marekani miaka mingi walipata alama nzuri kuliko waliofika juzi. Mtu yeyote angedhani kwamba kilichopimwa hapo ni uenyeji. Lakini Carl Brigham, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alishikilia kwamba wageni wa siku zile walikuwa watu wa asili dhaifu kuliko waliowatangulia. Mwaka 1930 aliyakana maneno yake waziwazi, nasi twamheshimu kwa hilo, maana si kila msomi awezaye. Walakini sheria kali ya kuwazuia wahamiaji ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 1924.

Turudi kwetu Uganda. Mwaka 1974 Mallory Wober alichapisha uchunguzi wake juu ya obugezi, neno ambalo Waganda hulitumia kwa akili. Wanavijiji wengi walilifungamanisha na uangalifu na kutofanya pupa. Sasa mchukue mtoto aliyelelewa katika fikra hiyo, umwekee saa mezani, umwambie ajibu upesi! Huko Zambia nako, Robert Serpell alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kunakili maumbo, akatoa matokeo yake mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi walishinda wale wa Manchester. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huukunja kutengeneza vigari vyao, walishinda wale wa Lusaka. Kwa udongo wa kufinyanga wakawa sawasawa. Ni alama zipi katika hizo tatu tutakazoziita akili?

Wako watakaosema kwamba, kama ni hivyo, majaribio yote na yatupwe. Hatukubaliani nao. Tukiyatupa tutabaki na kauli ya mwalimu peke yake, na kauli hiyo, kwa jinsi tunavyojijua, huinama kwa urahisi upande wa mtoto mwenye viatu na mzazi mwenye cheo. Kipimo kilichotungwa kwa uangalifu huweza kufichua kipaji kilichokaa kimya nyuma ya darasa, au kutuonyesha ni wapi hasa mtoto amekwama. Tunachokikataa ni kuifanya alama ya asubuhi moja kuwa sifa ya mtu maisha yake yote. Sisi wa somo la Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kujihadhari, kwani wengi wa wanafunzi wetu Kiswahili ni lugha yao ya tatu, pengine ya nne. Insha yenye upatanisho mbovu wa ngeli yatueleza habari za ngeli, basi. Wala haituelezi yaliyomo kichwani mwa mwandishi wake.

Mmoja wetu aliwahi kuandika katika ripoti ya muhula maneno "mzito wa akili." Muhula uliofuata dirisha la nyuma lilivunjika, mvua ikawa inaingia, mtoto yule akahamishiwa dawati la mbele. Ndipo ilipoonekana kwamba sikio lake la kushoto halisikii kabisa, na la kulia husikia kwa shida. Alianza kujibu maswali. Lakini ripoti ile ilikuwa imekwisha kufika nyumbani, na babake alikuwa ameisoma.