Ndugu Yetu Anayelewa ni wa Nani?



Shukrani zote zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, nimeombwa niandike juu ya ulevi chuoni. Sitatumia nafasi hii kuthibitisha kwamba pombe ni haramu. Aya ya 90 na ya 91 za Suratul-Maidah mnazijua tangu madrasa, na sijakutana na mwanafunzi Mwislamu anayezikataa. Hata anayekunywa anazijua. Swali langu ni hili: ndugu yetu anayekunywa ni wa nani?

Nauliza kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kwetu Kampala. Kijana wa mwaka wa pili alionekana usiku akiwa amelewa. Kabla ya adhana ya Alfajiri picha yake ilikuwa imeshazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp, na waliokuwa mbele kuisambaza ni baadhi ya wale wanaoswali safu ya mbele. Mmoja akapendekeza afutwe kwenye orodha ya jumuiya. Tangu siku ile hata Ijumaa hatujamwona. Jumamosi iliyopita tulikwenda watu wawili hosteli kwake. Alitufungulia, tukanywa chai, tukazungumza habari za kozi yake. Ya picha hatukuyagusa.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alikuwepo mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), na ambaye alipata kuletwa mara kadhaa kwa kosa la kunywa. Siku moja, baada ya kuadhibiwa, mtu mmoja akamlaani. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Angalieni vizuri: adhabu ilipita, uharamu haukupunguzwa hata chembe, lakini laana ilizuiwa.

Wafasiri nao wameeleza habari ya Umar (r.a.) na mtu wa Sham. Mtu huyu alikuwa na kawaida ya kumjia Umar, kisha akatoweka. Umar akamuulizia, akaambiwa ameandama ulevi. Akamwita mwandishi wake, akamwandikia barua yenye aya za mwanzo za Suratu Ghafir, zinazomtaja Allah kuwa ni Mwenye kusamehe dhambi na kupokea toba, na tena ni Mkali wa kuadhibu. Yule bwana akaisoma, akairudia, akalia, akaacha. Umar akawaagiza waliokuwa naye wafanye hivyo kila wamwonapo ndugu yao ameteleza, wala wasimsaidie shetani dhidi yake. Mimi hunigusa zaidi mwanzo wa kisa: Khalifa, pamoja na shughuli zake zote, aligundua kwamba mtu fulani haonekani. Sisi tuna safu sita tu Adhuhuri, na mtu anaweza kupotea muhula mzima bila kuulizwa.

Mlango wa mambo haya si baa peke yake. Wengi wanaingilia kwenye mitihani. Mtu anatafuna mairungi ili akeshe na vitabu. Yale majani yana kichangamshi kiitwacho kathinoni, ambacho hupungua nguvu majani yakinyauka, ndiyo maana huuzwa mabichi yamefungwa kwa majani ya mgomba. Usiku anasoma kweli. Asubuhi macho yamekataa kufumba, kwa hiyo anatafuta cha kumlaza: kidonge cha kuazima, au chupa ndogo ya waragi. Usingizi ndio unaoikaza akilini ile kazi ya mchana, na yeye ameufukuza. Na Alfajiri imempita.

Wapo watakaosema masheikh wamehitilafiana juu ya mairungi. Ni kweli, hasa Yemen. Lakini wewe mwenyewe unajua yamekufanyia nini swala yako na mfuko wako, na Abu Daud amepokea kutoka kwa Umm Salama (r.a.) katazo la kila kinacholevya na kila kinacholegeza. Wengine huitegemea serikali. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu ya akidi ya Bunge, niliwasikia vijana wakifurahi kwamba sasa ni ruhusa. Sheria ikapitishwa upya. Je, tutaswali kwa kuhesabu wabunge waliohudhuria? Viroba vya waragi vilipigwa marufuku 2019, na walevi hawakuisha.

Kumbukeni Madina. Anas (r.a.), kijana, alikuwa akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha pale mwitaji alipotangaza kwamba pombe imeharamishwa. Abu Talha akamwambia akaimwage, ikatiririka njiani. Waliacha kikao kizima kwa pamoja. Ni vigumu sana mtu kuacha peke yake huku marafiki wote, chumba na jioni zake zote ni zilezile. Kwa hiyo, ukimwambia ndugu yako aache, mwambie pia jioni ile atakula wapi na nani. Wa mwaka wa kwanza tuwapokee wiki ya kwanza, kabla hawajapokelewa na wengine. Na dada zetu wasisahauliwe: wanaokunywa wapo, na aibu yao huwafungia mlango zaidi.

Jambo la mwisho ni la kitabibu. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu msimlazimishe akatishe ghafla chumbani. Anaweza kupata degedege, hata kufa. Apelekwe kwa daktari. Hospitali ya Butabika inawatibu wenye matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Asiye na nauli amwone amiri au amira baada ya Isha, na asiulizwe safari ni ya nani.