Karatasi Zilizohama

Julai 1955, Waluguru wa Matombo, Morogoro, walikataa kuendelea kuchimba. Tangu mwanzoni mwa muongo ule serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, chini ya mpango wa matumizi ya ardhi uliojulikana kwa kifupi kama ULUS. Nia ilikuwa kuzuia udongo usisombwe na mvua kuelekea mito ya Ngerengere na Ruvu. Lakini udongo wenye rutuba kwenye miteremko mingi ya huko ni tabaka jembamba. Jembe lililochonga ngazi lililifukia tabaka hilo chini na kupandisha juu udongo usiozaa, na wakulima wakawa wanatoka jasho kuharibu mashamba yao wenyewe. Vurugu zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango wote ukaachwa.

Upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, Mgeta, mambo yalikwenda vingine. Kule watu walilima mboga za kuuza kwa maji ya mifereji, na matuta yaliyosaidia kumwagilia yalikuwa na faida inayoonekana sokoni. Mengi yalibaki. Atakayetaka kumshauri Mluguru juu ya kilimo cha mteremkoni hana budi kujua kwanza kwa nini ngazi ile ile ilikataliwa Matombo na kukubaliwa Mgeta.

Habari hizi tumezipata kwa sababu kuna walioziandika. Roland Young, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, mwanasosholojia aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, walitoa kitabu chao juu ya mgogoro huo mwaka 1960. Kilichapishwa Marekani na Uingereza. Mwaka 1972 Paul Temple wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipitia upya historia ya sera za hifadhi ya udongo Uluguru, na makala yake ikatoka katika jarida la jiografia la Sweden. Jarida hilohilo lilibeba utafiti mwingine alioufanya pamoja na Anders Rapp, Mswidi, kuhusu mvua ya tarehe 23 Februari 1970. Siku hiyo ilinyesha mvua ya takribani milimita 100 kwa muda usiozidi saa tatu, na miteremko ya Mgeta ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Rapp na Temple walikwenda kuyahesabu na kuyapima maporomoko hayo. Walikuta kwamba karibu maporomoko yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye nyasi, na machache mno yalianzia penye miti.

Kwa mtu wa Nyandira au Bunduki, hilo ni jambo la uhai. Linamwambia wapi asijenge nyumba, na kipande kipi cha msitu juu ya bonde asikiguse. Lakini maarifa kama hayo yalitoka kijijini kwake yakaenda kukaa Stockholm, London na kando ya Chicago, yalikochapishwa. Waandishi hawakumwibia mtu chochote, walifanya kazi nzuri na wanastahili shukrani. Swali langu linatuhusu sisi tuliobaki: baada ya kuandikwa, nani alihakikisha kwamba nakala inarudi mlimani, na kwamba mtu wa kizazi cha tatu ataipata akiitafuta?

Ninauliza hivyo kwa sababu nchi hii ilishawahi kupoteza maktaba nzima ya kilimo bila kuwaka hata njiti moja ya kiberiti.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti huko Amani, Usambara Mashariki. Walijaribu mimea ya kila namna, wakakusanya vitabu, majarida na mimea iliyokaushwa kwa ajili ya kumbukumbu. Waingereza walipochukua nchi waliufufua utafiti pale, na maktaba ikazidi kukua. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaamuliwa kwamba utafiti wa kilimo na misitu wa Kenya, Uganda na Tanganyika uwe chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, lenye makao Muguga, karibu na Nairobi. Vitabu vya Amani vikafungwa, vikasafirishwa Muguga. Mimea iliyokaushwa ikaenda Nairobi. Uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake, kwani nchi tatu zilikuwa zinagawana wataalamu wachache, na maktaba moja kubwa ilikuwa na nguvu kuliko tatu dhaifu. Palipokosewa ni kwamba hakikubaki kitu nyuma ambacho kingetosha siku mambo yakibadilika.

Yakabadilika. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Ndege, mabehewa na meli viligombaniwa kwa miaka. Vitabu havikupata wa kuvigombania kwa sauti kubwa namna hiyo. Vilibaki pale vilipokuwa, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Mtafiti wa Morogoro aliyehitaji kuona jinsi zao fulani lilivyojaribiwa Tanganyika kati ya vita kuu mbili za dunia alikuwa na rejea ya nchi yake upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Ilipofika 1991 ndipo sheria ikaipa Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, mjini Morogoro, jukumu la kukusanya na kutunza maandishi ya kilimo ya nchi. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu jumuiya ivunjike, na karibu tisini tangu rafu ya kwanza ya Amani.

Morogoro yenyewe ilishaona karatasi zikihama. Mazimbu, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga shule ya wakimbizi wake na kuipa jina la Solomon Mahlangu. Shule ilidumu tangu 1978 hadi 1992, majengo yakakabidhiwa Tanzania, na leo ni kampasi ya SUA. Nyaraka za shule zilirudi Afrika Kusini, zikahifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare. Hapo sina lawama. Zilikuwa mali yao, na walizithamini kiasi cha kuzibeba. Natamani tu vijana wanaosoma leo katika madarasa yale wangeweza kufungua nakala za barua, ratiba na picha za waliowatangulia bila kulazimika kusafiri hadi mji wa Alice. Wenye nyaraka wangebaki nazo, na Mazimbu nayo ingekuwa na kumbukumbu yake.

Historia ya SUA nayo ina mtego wake. Palianza chuo cha kilimo cha stashahada mwaka 1965. Kikageuka kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 1 Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili ile katika mkoa huuhuu. Hizo ni taasisi tatu kwenye eneo moja ndani ya miaka ishirini. Shahada za kabla ya 1984 zilitolewa kwa jina la Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetafuta utafiti wa mwaka 1979 uliofanyika Mgeta anapaswa kuutafuta Mlimani, Dar es Salaam, na Morogoro pia, na asiyefahamu historia hiyo atatafuta mahali pamoja, akose, aandike kwamba "hakuna utafiti uliowahi kufanyika". Sentensi hiyo ikishaingia kwenye andiko la kuombea fedha, mkulima anapigiwa hodi upya na kuulizwa maswali yaleyale aliyoulizwa baba yake. Anapoteza siku ya palizi. Anajibu kwa heshima, maana ndivyo alivyolelewa.

Tasnifu yenyewe inayobeba utafiti huo, kama kitu cha kushikwa mkononi, ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Kava gumu, maandishi ya dhahabu mgongoni, karatasi ya kawaida ndani, na kwenye jalada la nyuma kimfuko cha plastiki chenye CD. Gundi ya steshenari hukauka na kurasa za katikati huanza kung'oka. Mji ulio chini ya milima yenye mvua kama Morogoro una unyevu, na unyevu huleta ukungu wa kijivu unaonuka ukifungua kitabu. Mchwa huingia kwa chini, kwenye boksi lililowekwa sakafuni, na kwa nje huwezi kuona kitu mpaka uliinue likupasukie mikononi. CD nayo haidumu inavyodhaniwa. Utando wake huharibika kimyakimya, na kompyuta nyingi za leo hazina hata mahali pa kuiingiza. Flashi ya mwanafunzi ndiyo mbaya zaidi, kwani ina virusi, inapotea, na faili lenye jina la "final final mpya" hakuna awezaye kusema kama ndilo lililopitishwa na watahini.

Ndiyo maana SUA, kama vyuo vingine vya Tanzania, ina hifadhi ya kidijiti ambamo tasnifu na machapisho ya wahadhiri huwekwa na kusomwa na yeyote mwenye intaneti. Ni hatua kubwa, na waliohangaika nayo, wakutubi wanaoskani kurasa moja baada ya nyingine, hawapewi sifa wanayostahili. Lakini kuweka faili kwenye seva ni mwanzo wa kazi. Seva huzeeka, na disko lake lina miaka yake. Faili likiharibika kidogo ndani halipigi kelele, kwa hiyo inatakiwa programu inayolikagua kila baada ya muda na kulilinganisha na alama iliyochukuliwa siku lilipoingia. Nakala ya pili ikiwa jengo la jirani, mafuriko au hitilafu moja ya umeme itazikuta zote mbili. Kampasi Kuu na Mazimbu ziko mji mmoja. Nakala inafaa iende mbali zaidi, Dodoma, Dar es Salaam, au hata kampasi ya SUA iliyoko Mpimbwe mkoani Katavi.

Asiyeamini aulize majirani. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 moto ulishika Jengo Kuu la Makerere, Kampala, ukala paa na kumbukumbu zilizokuwemo. Kabla haujapita hata mwaka, tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioshuka kutoka Table Mountain uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Jagger pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyiko wa masomo ya Afrika. Vilivyokuwa katika ghala la chini vilinusurika moto, lakini vikalowa kwa maji ya zimamoto. Watu wa kujitolea walipanga foleni kubeba makreti ya karatasi mbichi. Vilivyokuwa vimeskaniwa kabla vilibaki walau kama picha. Vilivyoungua bila kuskaniwa havitasomwa tena na mtu.

Kuna wanafunzi wanaoogopa kukabidhi faili zao, na hofu yao haifai kudharauliwa. Wanahofia kuibiwa. Wanahofia jarida litakataa makala kwa kuwa tasnifu iko wazi tayari. Yote mawili yana dawa. Kazi iliyowekwa wazi ikiwa na tarehe na jina ndiyo ngumu zaidi kuiba, kwa sababu mwizi hukamatwa kwa kulinganisha maandishi. Na hifadhi inaweza kupokea faili leo na kulifungua baada ya muda uliokubaliwa, mradi lipokelewe kabla mwenyewe hajaondoka Morogoro. Akishapanda basi na cheti chake, kumpata tena ni kazi.

Takwimu ghafi zinasahaulika kuliko tasnifu. Vipimo vya maji ya mto, uzito wa mbuzi wa maziwa waliopelekwa Mgeta miaka ya 1980, daftari la mvua, hivyo ndivyo mtafiti wa baadaye atavihitaji ili alinganishe jana na leo, na mara nyingi vimo kwenye kompyuta ndogo ya mtu mmoja. Vitunzwe pamoja na tasnifu, majina ya wakulima yakiondolewa. Mtu aliyekueleza deni lake na ugomvi wake wa shamba hakukueleza ili dunia nzima imsome.

Halafu kuna jina la mahali, jambo dogo ambalo mkutubi mmoja anaweza kulimaliza akiwa mezani pake. Mgeta ilikuwa Wilaya ya Morogoro, sasa iko Wilaya ya Mvomero. Tasnifu ya miaka ya 1980 iliyoorodheshwa kwa jina la wilaya pekee haitatokea kwa afisa ugani wa leo anayeandika "Mvomero" kwenye simu yake huku mkulima amesimama pembeni akisubiri jibu. Ikiwa maelezo ya faili yametaja Tchenzema, Langali, Nyandira, Kikeo, kama mtafiti alivyoyaandika kwenye sura yake ya tatu, itatokea. Na ikiwa mwanafunzi ameambatisha kurasa mbili za Kiswahili, zinazosema alipima nini, wapi na akakuta nini, afisa huyo atazisoma kwa sauti palepale shambani. Fomu anayosainiwa mwanafunzi kabla ya kuondoka chuoni huuliza kama amerudisha vitabu vya maktaba na funguo za chumba. Iongezwe mistari miwili: ofisi ya kijiji iliyopokea muhtasari wake, na tarehe ya kuupokea.