Moyo Hutolewa, Hautwaliwi

Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Daktari Christiaan Barnard na wenzake waliutoa moyo wa msichana wa miaka 25, aliyegongwa na motokaa, wakaupandikiza kifuani mwa Louis Washkansky. Mgonjwa huyo aliishi siku 18, kisha akafa kwa homa ya mapafu. Kwani dawa zilizouzuia mwili wake usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimemwondolea pia nguvu za kupigana na maradhi.

Tangu hapo matabibu wamepiga hatua kubwa. Dawa ya saiklosporini, iliyoenea katika miaka ya 1980, ilileta matumaini mapya, na leo wengi waliopandikizwa moyo huishi zaidi ya miaka 10. Hata hivyo, mashaka hayajaisha. Yawapasa kunywa dawa maisha yao yote. Moyo uliohifadhiwa katika barafu hauwezi kungoja zaidi ya saa 4 hivi. Nao wagonjwa ni wengi kuliko mioyo ipatikanayo.

Ndipo lizukapo swali letu. Mtu aweza kumpa nduguye figo moja, naye akabaki hai. Moyo hauna wa pili. Je, angojaye moyo hutamani kifo cha mwenzake? Twasema sivyo, maadamu mambo mawili yashikwe. La kwanza, mauti yathibitishwe kwa kweli, wala yasiharakishwe hata dakika moja kwa faida ya mwingine. La pili, moyo utolewe kwa hiari, usinunuliwe wala usichukuliwe kwa hila. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliyakaza hayo mbele ya matabibu mjini Roma mwaka 2000. Hapo mgonjwa hangoji kifo, bali zawadi.

Tumkumbuke baba wa msichana yule. Ajali ile ilimnyang'anya mke na binti. Hata hivyo, alipoombwa, alifikiri dakika chache tu, akakubali. Figo ya binti yake ikapewa mtoto wa miaka 10, ambaye sheria za ubaguzi za nchi ile zilimtenga na watu weupe. Zawadi haikuuliza rangi.

Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Basi, enyi wazazi, lizungumzeni jambo hili nyumbani wakati wa amani. Maana msiba ukiisha kubisha hodi, machozi huzuia shauri jema.