Hata Mwili Hukataa Mgeni?



Kuna hoja moja nimeisikia mara nyingi, na kila ikitolewa watu hutikisa kichwa kukubali. Inakwenda hivi: hata mwili wenyewe, ukiwekewa kitu cha mtu mwingine, unakikataa, ndivyo Mungu alivyotuumba, sasa kwa nini mnatulazimisha kupokea wageni? Utaisikia kijana akimleta nyumbani mchumba wa kabila lingine. Utaisikia kwenye makundi ya WhatsApp wakizungumziwa wakimbizi. Ina ladha ya sayansi, ina ladha ya dini pia, na hapo ndipo ilipo nguvu yake: ukiipinga unaonekana kama unabishana na Muumba.

Basi tuikague. Tuanze na hicho kinachodaiwa kuhusu mwili, maana habari zake zinajulikana vizuri.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, huko Glasgow, Uskoti, mwanamke aliyeungua vibaya alipandikizwa vipande vya ngozi. Daktari Thomas Gibson na mwanasayansi Peter Medawar walikuwa wakifuatilia. Mwanzoni vipande vilishika, kisha vikaharibika. Wakarudia kwa ngozi ya mtu yuleyule, na safari hii vikaharibika haraka zaidi. Yaani mwili ulikuwa umemkumbuka. Waliandika matokeo yao mwaka 1943. Na huyo aliyetoa ngozi, aliyekataliwa mara mbili, alikuwa nani? Kaka yake.

Unaona hoja yetu inavyoanza kuyumba?

Sasa ni nini hasa ambacho mwili hukitambua na kukikataa? Jibu lilitoka kwa panya wadogo wa maabara. Huko Bar Harbor, Marekani, katika Maabara ya Jackson, George Snell alikuwa akihamisha tishu kutoka kwa panya mmoja kwenda kwa mwingine na kuangalia nani anapokea na nani anakataa. (Oktoba 1947 moto uliteketeza sehemu kubwa ya maabara hiyo na panya wengi wakafa. Koo zao zikafufuliwa kwa panya waliorudishwa na maabara nyingine zilizowahi kupewa. Waliotoa ndio waliopata cha kuanzia tena.) Aligundua kwamba jambo hili huamuliwa na jeni, na si moja, bali nyingi, ila kuna kundi moja lenye nguvu kuliko mengine. Mwaka 1948 yeye na Peter Gorer wa London waliandika kwamba kundi hilo ni lilelile ambalo Gorer alikuwa amelikuta kwenye damu ya panya. Likaitwa H-2. Sisi binadamu tuna la kwetu, HLA, ambalo Mfaransa Jean Dausset alianza kulifichua. Mwaka 1980 Snell na Dausset walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Baruj Benacerraf.

Lakini ninachotaka ukione ni namna panya hao walivyopatikana. Ili upate panya wanaopokeana ngozi bila shida, inabidi uwazalishe ndugu kwa ndugu, kaka na dada, vizazi 20 au zaidi mfululizo, hadi wote wawe karibu sawa kama mapacha wa kufanana. Hiyo ndiyo bei ya jamii ambayo kila mtu ndani yake ni "wa kwetu". Na hata hapo haijakamilika! Mwaka 1955 ilionekana kwamba ndani ya ukoo mmoja wa panya, safi kabisa, majike walikuwa wakiikataa ngozi ya madume. Yaani dada anaikataa ngozi ya kaka yake hata baada ya usafi wote huo.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Chukua koo mbili tofauti, uzalishe mtoto. Ukiacha hilo la dume na jike, mtoto huyo hupokea ngozi ya baba na ya mama, kwa sababu kila walicho nacho, naye anacho. Geuza sasa. Ngozi ya mtoto umpe mzazi, mzazi ataikataa, maana ndani yake kuna kitu cha yule mzazi mwingine. Mama yule yule aliyembeba tumboni bila kumkataa! Medawar mwenyewe aliliuliza swali hilo mwaka 1953: mama anawezaje kumlea tumboni mtoto ambaye nusu yake ni ya mtu mwingine?

Kwa hiyo mwenye hoja akisema "fuateni mwili", tumwulize tuufuate hadi wapi. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kabisa kwa HLA. Kwa kipimo hicho, wengi wetu ni wageni kwenye nyumba tulizozaliwa.

Tuwe wakweli lakini. Aina fulani za HLA hupatikana zaidi katika jamii fulani kuliko nyingine, ndiyo maana mgonjwa anayehitaji uboho mara nyingi humpata wa kulingana naye miongoni mwa watu wenye asili moja naye. Hilo siwezi kulificha. Ila ni suala la uwezekano tu. Mpaka wa kabila haukuchorwa kwenye jeni hizo: jirani wa ukoo wako anaweza asilingane nawe hata kidogo, na mtu wa mbali akalingana.

Mwaka huohuo 1953, Medawar na wenzake Rupert Billingham na Leslie Brent walitoa habari nyingine. Waliwachoma sindano panya wa ukoo mmoja wakiwa bado tumboni, wakiwaingizia chembe za panya wa ukoo mwingine. Walipokua, baadhi yao walipandikizwa ngozi nyeupe ya ukoo ule wa kigeni nayo ikadumu, kiraka cheupe juu ya panya wa kahawia. Kumbe hata huko kukataa si kitu kilichofungwa tangu milele. Mwili hujifunza nani ni wake, na hujifunza mapema.

Hapa ningeweza kusema, haya, mmeona, mwili unafundisha upokeaji! Sitasema hivyo. Ingekuwa kosa lilelile limegeuzwa upande wa pili. Kinga ya mwili ni zawadi. Bila hiyo maambukizi madogo tu yangetumaliza. Chembe nyeupe ya damu inayoishambulia figo ya msamaria haina dhambi, na inayoiacha haina fadhila, kwa sababu haichagui. Mimi na wewe tunachagua. Ndiyo tofauti yote.

Na Kanisa limeshaonyesha linavyofikiri. Katekisimu, namba 2296, inausifu utoaji wa viungo baada ya kifo kama tendo bora. Sasa, mgonjwa aliyepewa figo humeza dawa kila siku ili kuuzuia mwili wake usifanye kile unachotaka kufanya. Kama kukataa kwa mwili kungekuwa amri ya Mungu, dawa hizo zingekuwa uasi. Sisi tunaziita huruma. Hata Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Warumi sura ya 11 kuhusu tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa kwenye mzeituni wa shambani, anakiri wazi kwamba jambo hilo ni kinyume cha asili. Wageni waliopandikizwa, kinyume cha asili, ni mababu zetu katika imani.

Na panya je, waliokatwa ngozi? Katekisimu inaruhusu majaribio ya aina hii kwa mipaka, kwa ajili ya kuokoa maisha, na inakataza kuwatesa wanyama bila sababu. Mimi nakubali, ingawa si kwa wepesi.

Nirudi kwa yule mwenye mchumba. Sheria ya Kanisa ina vizuizi vya ndoa, na kimojawapo ni undugu wa karibu. Kabila halimo. Lakini usiende kumrushia mama yako habari za H-2 mezani. Mara nyingi nyuma ya "mwili hukataa mgeni" kuna hofu ya kweli: utakwenda kuishi mbali, wajukuu hawatajua lugha yake, utazikwa wapi, mahari itajadiliwa kwa mila zipi. Mwulize kwa heshima anaogopa lipi hasa. Akilitaja, mkae chini mlizungumze, na mchumba wako awepo.