Je, Nchi Ndiyo Imfanyayo Mtu?

Watoto wetu shuleni, wasomapo habari za Yusufu na ndugu zake, huuliza swali lililo jema: Njaa ilipoingia Kanaani, mbona Misri kulikuwa na nafaka? Tumezoea kuwajibu upesi kwamba Misri ina mto mkubwa. Jibu hilo si uongo, walakini halitoshi. Sisi wa Naliendele nasi tuna mto mkubwa, Ruvuma, wala hauko mbali nasi. Lakini wengi wa babu zetu hawakujenga kando yake. Waliukimbia, wakapanda juu mahali pasipo maji. Basi yatupasa kutafakari: Je, nchi ndiyo imfanyayo mtu kuwa vile alivyo?

Na tuanze na Misri. Mvua hunyesha huko kidogo sana. Mashariki ni jangwa, na magharibi ni jangwa. Katikati hupita Mto Naili, ambao baadhi ya maji yake hutoka katika ziwa la Nyanza, na mengi zaidi katika milima ya Uhabeshi. Zamani, kila mwaka mvua za Uhabeshi ziliponyesha, mto ulifurika ukaacha tope jeusi mashambani. Hata Wamisri wa kale waliiita nchi yao kwa jina la weusi huo. Mafuriko hayo yalikomeshwa na bwawa kuu la Aswan, lililomalizwa mwaka 1970. Jangwa nalo lilikuwa kama boma, maana si rahisi jeshi kuvuka mahali pasipo kisima. Hivyo mto uliwalisha, na jangwa likawalinda.

Lakini mto haukuchimba mifereji wenyewe. Maji yakipungua, palikuwa na njaa. Yakizidi, yalichukua nyumba. Ndipo Wamisri wakajifunza kupima kimo cha mto kwa ngazi za mawe, kama zile za kisiwa cha Elephantine karibu na Aswan. Tena Maandiko yatufundisha kwamba njaa ya siku za Yusufu iliingia Misri pia. Kilichowaokoa watu siku ile hakikuwa mto, bali ghala, na mtu aliyeweka akiba katika miaka ya shibe. Hata hivyo, kwa nafaka ya ghala lile lile watu waliuza ng'ombe wao, na mashamba yao, na nafsi zao kwa Farao. Kisha akatokea Farao asiyemjua Yusufu, akawatwika Waisraeli kazi ya matofali. Mto ni ule ule, na tope ni lile lile. Mioyo ya watawala ndiyo iliyobadilika.

Sasa tugeukie kwetu. Ruvuma huanzia vilima vya Matogoro karibu na Songea, hushuka kiasi cha kilomita 800 hata baharini. Wakati wa mvua hujaa. Kiangazi hupungua, mchanga ukaonekana. David Livingstone alipojaribu kuupanda kwa meli mwaka 1861, maji yalipungua, ikambidi arudi. Bondeni mna homa na mamba; na katika karne ya 19 mlikuwa na hofu kubwa zaidi, yaani wateka watumwa na vita vya Wangoni. Kwa hiyo Wamakonde wengi walikaa juu ya uwanda, ndani ya vichaka vizito. Kichaka kikawa boma lao, kama jangwa lilivyokuwa boma la Misri.

Mjerumani mmoja mwenye elimu, Karl Weule, aliyefika huku mwaka 1906, aliandika masimulizi ya wazee. Walisema mtu wa kwanza alichonga mti mfano wa mwanamke, na mti ukawa mke hai. Wakakaa karibu na mto. Mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahama. Wa pili naye akafa. Wakapanda hata kileleni, na wa tatu akaishi. Sisi tumwaminio Muumba hatuipokei hadithi hii kuwa habari ya uumbaji, walakini tusiidharau. Yatuambia kwamba wazee walipima: waliona maji, waliona na mauti iliyo karibu na maji, wakachagua uzima wa watoto wao.

Lakini uchaguzi huo ulikuwa na bei. Juu ya uwanda ardhi ni ya mchanga. Mvua ikinyesha maji huzama, yakatokea tena chini katika chemchemi za mabonde. Ni nani aliyelipa bei hiyo kila siku? Kwa kawaida hakuwa mzee aliyechagua mahali pa kujenga. Walikuwa mama na binti, walioshuka alfajiri na mtungi, wakapanda mlima na mzigo kichwani. Salama ya mji mzima ilikaa juu ya shingo zao.

Hapa ndipo tuonapo jibu la swali letu. Nchi haimfanyi mtu, nchi humwuliza. Mto huuliza, Utaweka akiba au utakula yote? Ukame huuliza, Mzigo huu ataubeba nani? Taifa haliwi kubwa kwa sababu ya maji yake wala kwa mawe liliyojenga, bali kwa jinsi lilivyogawa mzigo ambao nchi yake imeutoa.

Mtu atasema, Kuteka maji ni kazi ya wanawake tangu zamani. Twamjibu: Matofali nayo yalikuwa kazi ya Waisraeli tangu zamani, wala Mungu hakunyamaza. Ni kweli, tangu miaka ya 1950 mitambo imepandisha maji uwandani, na mama wengi wamepumzika. Hata hivyo ziko nyumba ambazo binti huchelewa shule kwa ajili ya ndoo. Basi, ndugu msomaji, mwenye baiskeli na afunge madumu nyuma yake mwenyewe. Mwenye bati na atengeneze mfereji na pipa la kukingia mvua. Mwenye wana wa kiume na awatume kisimani pamoja na dada zao. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala shingo moja haikuumbwa ibebe kiu ya nyumba nzima.